Nilisema ukweli mkutanoni, sasa Bi Mkubwa hanisemeshi

Assalaam alaykum, mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Pemba, upande wa Wete. Huu ni mwaka wangu wa sita Unguja. Nafanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki yenye vyumba 64. Nilianza kwa kupokea simu, sasa ni msaidizi wa mkuu wa mapokezi. Tangu mwezi wa tatu nasoma mjini kila Jumamosi na Jumapili, cheti cha mawasiliano kazini na baina ya watu wa tamaduni mbalimbali. Ada ni shilingi 650,000 kwa awamu mbili, naitoa mfukoni mwangu, na ili nihudhurie nabadilishana zamu na wenzangu.

Kilichonipeleka kusoma ni mkasa mmoja. Meneja wetu ni Mholanzi. Asubuhi moja mkutanoni aliniuliza kama vyumba 8 vya upande wa bwawa vitakuwa tayari saa 8 mchana. Nilijua ni vigumu, maana mashine moja ya kufulia ilikuwa imeharibika na shuka za kubadilishia hazitoshi. Lakini supavaiza wa hausikipingi, mwenye dhamana ya shuka, alikuwa amekaa ubavuni mwangu, nikaona haya kumchongea mbele za watu. Nikajibu, "Inshaallah, tutajitahidi." Wageni walipofika, vyumba 5 vilikuwa tayari na 3 bado. Walikaa mapokezi karibu saa mbili nzima na mizigo yao. Meneja akaniita, "Uliniambia ndiyo." Nikamwambia sikusema ndiyo. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa. Kwenye tathmini yangu ya mwaka akaandika kwamba mimi ni mchapakazi lakini sisemi matatizo mapema.

Chuoni tumefundishwa kusema kwa ufupi na kwa uwazi, na kuanza na jambo lenyewe. Nikaona hapo ndipo dawa yangu ilipo. Wiki tano zilizopita, mbele ya watu 11, nikasema: "Vyumba vinne jana havikukaguliwa kabla ya wageni kuingia. Kimoja kilikuwa na taulo chafu. Naomba kuanzia leo orodha ya ukaguzi isainiwe." Yote ni kweli na picha ninazo. Meneja alinipongeza pale pale. Supavaiza, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, aliinamisha macho akasema, "Haya mwanangu, ahsante." Ana miaka 50 na kitu, yupo pale tangu hoteli inafunguliwa, na ndiye aliyenifunza kutandika kitanda nilipokuwa mgeni.

Tangu siku ile salamu yangu anaijibu, basi. Orodha ya vyumba aliyokuwa akiniletea kwa mkono wake kila saa 5 asubuhi, sasa anamtuma kijana wa mafunzo, nayo inafika nusu saa baadaye. Jumatatu moja alipanda gari la wafanyakazi na kanga mpya yenye jina "Usisafirie nyota ya mwenzio", akapita mbele yangu taratibu. Wenzangu wananiita Mzungu wa Wete. Mwenzangu wa mapokezi, Mkenya, ananiambia nimefanya vizuri, kwao hilo lisingekuwa hata habari. Mama yangu, ambaye habari zilimfika Pemba kabla sijazisema mimi, alinipigia simu akasema, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akakata.

Sasa meneja ananitaka niwe mkuu wa mapokezi kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao. Hoteli itanilipia nusu ya ada ya stashahada nikimaliza cheti, kwa sharti nisiondoke kwa miaka 2. Amenipa siku 10 nijibu, na amesema wazi kwamba ananipa kwa sababu "umejifunza kusema". Nikikubali, kila asubuhi nitakaa meza moja na Bi Mkubwa. Nikikataa, nahisi nimerudi kuwa yule wa inshaallah. Na nikimwomba radhi, si nitakuwa nimesema kwamba ukweli wangu ulikuwa kosa? Usiku najiuliza: haya ninayosoma ni mawasiliano, au nasomea kuwa Mzungu?

Jina langu lisitajwe tafadhali.

*

Waalaykumu salaam, mwanangu, na pole kwa mzigo huu.

Umeuliza juu ya cheo, juu ya radhi, na kama masomo haya yanakutoa kwenu. Nitayagusa yote. Lakini lipo jambo ndani ya barua yako ambalo umelitaja ukalipita, na mimi naona tuanzie hapo. Mwenye dhamana ya shuka katika mkasa wa kwanza na aliyeinamisha macho katika mkasa wa pili ni mtu mmoja. Mara ya kwanza ulinyamaza ili usimchongee Bi Mkubwa, wageni wakakaa na mizigo. Mara ya pili ulisema, Bi Mkubwa akaaibika. Wewe unazitazama siku mbili hizo kama vitu viwili vilivyopingana: siku ya haya ulizokulia nazo na siku ya uwazi uliofundishwa. Mimi naziona zinafanana. Siku zote mbili uliingia mkutanoni bila kumwendea kwanza. Dakika 10 za asubuhi kule dobini, "Bi Mkubwa, shuka safi tunazo ngapi? Vyumba vinane vitatoka?", zingekupa jibu la kumpa meneja, na yeye zingempa nafasi ya kulisema mwenyewe. Sikulaumu, nakupa swali ukae nalo: shida yako ni namna unavyosema, au ni nani anayelisikia jambo mwanzo na wapi?

Tulitazame lile neno lako, inshaallah, maana nahisi umeanza kulionea aibu, na halistahiki. Mmarekani Edward T. Hall, mtaalamu wa tamaduni za watu, alieleza mwaka 1976 kwamba yapo mazungumzo ambayo sehemu kubwa ya maana imo katika hali inayoyazunguka: nani yupo, sauti imeshuka wapi, kipi hakikutajwa. Na yapo ambayo maana karibu yote imo ndani ya maneno yenyewe. "Inshaallah, tutajitahidi", kwa sauti ya kushuka, mbele ya watu: Bi Mkubwa angeisikia hiyo akajua kuna jambo, na angekufuata nje kukuuliza. Meneja alisikia maneno mawili, yote mazuri. Hakuna aliyedanganya hapo.

Na ukirudi kwenye asili, aya ya 23 na ya 24 za Suratul Kahf zinakataza mtu kusema "hakika nitalifanya hilo kesho" bila kuongeza "apendapo Mwenyezi Mungu". Kwanza limetajwa jambo na siku yake, ndipo inafuata inshaallah. Sisi tumezoea kuiweka mahali ambapo jambo lenyewe halikutajwa kabisa. Kwa hiyo lishike neno lako, ila litanguliwe na hesabu: "Vyumba vitano vitakuwa tayari saa nane, inshaallah. Vitatu vitachelewa hadi saa kumi, kwa sababu mashine moja ya kufulia imeharibika na shuka safi zilizopo zinatosha vitano. Naomba ruhusa wageni wa vile vitatu wapewe chakula cha mchana wakisubiri." Imo idadi, imo saa, imo sababu isiyobeba jina la mtu, na limo ombi ambalo meneja anaweza kulijibu kwa neno moja. Ombi usilisahau. Anayeleta tatizo bila ombi humwachia mkubwa wake habari mbaya mikononi asijue aifanyie nini, na yeye mwenyewe huonekana mlalamishi. Pia angalia saa ya kusema. Habari hii ikitolewa saa 1 na nusu asubuhi ni msaada. Ikitolewa saa 7 na nusu mchana ni udhuru.

Kwenye mapokezi yapo maneno mengine yanayofanya kazi hiyo hiyo ya kuteleza, na kwa kuwa unasoma fani hii nakutajia machache uyachunge. Jibu la swali lenye kukanusha ni la kwanza. Akikuuliza mtu kwa Kiswahili, "Gari halijafika?", ukajibu "Ndiyo", umekubali kwamba halijafika. Swali hilo hilo kwa Kiingereza, ukijibu "yes", msikilizaji ataelewa kwamba gari lipo nje. Dawa yake ni kuacha ndiyo na hapana kabisa, ukajibu kwa sentensi nzima: "Halijafika, lipo njiani, dakika 20." Neno "pole" nalo huponza. Mgeni akijikwaa ngazini wengi wetu humwambia "sori" tukiwa na maana ya pole, naye hushangaa na kujibu kwamba si kosa lako, au vibaya zaidi, hulishika kama hoteli imekiri kosa. Muulize kama ameumia na mpe mkono. Pole yako ataiona.

Saa unazijua. Zaidi ya saa, chunga usiku. Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi. Ukitafsiri oda ya chakula cha ufukweni cha mgeni kwa maneno hayo ukampa mpishi mtu mzima, samaki anaweza kuwa tayari siku moja kabla. Andika tarehe na saa za mfumo wa 24: tarehe 14, 19:30. Mdomoni mnaweza kuendelea kusema saa moja na nusu. Kwenye karatasi iwe namba.

Sasa meneja. Umeandika "meneja wetu ni Mholanzi" kama kwamba hilo linaeleza kila kitu. Huenda chuoni umeonyeshwa majedwali yanayopanga nchi kwa alama za utamaduni, ya Geert Hofstede, naye pia Mholanzi. Jua yalipotoka. Alitumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM yaliyokusanywa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania haikuwa na alama yake peke yake. Iliunganishwa na Ethiopia, Kenya na Zambia ikaitwa Afrika Mashariki. Ndani ya jedwali hilo, wewe na yule mwenzako Mkenya ambaye kwao hilo "lisingekuwa hata habari" mna alama moja. Wapo wataalamu kama Brendan McSweeney, aliyeandika mwaka 2002, waliopinga vikali wazo kwamba majibu ya wafanyakazi wa kampuni moja yanaweza kusimama badala ya taifa zima. Majedwali yana faida ya kukuzindua kwamba watu hutofautiana. Ila wastani wa nchi haukuambii chochote cha hakika juu ya mtu aliyekaa mbele yako, awe Mholanzi au mtu wa Micheweni. Hata baina ya sisi tunaozungumza Kiswahili mambo hayalingani: mtu wa Bara husema "nipe funguo" bila ubaya wowote moyoni, na mtu wa hapa aliyezoea "naomba" akaisikia kama amri. Mhudumu mmoja wa mapokezi anaweza kukwazana na jirani yake kwa neno hilo moja siku nzima, wakati wote wawili wanachunga namna ya kusema na mgeni.

Kwa hiyo badala ya kumsoma meneja kwenye jedwali, muulize. "Unapoona nina shaka na jambo, ungependa nikwambie mkutanoni au nije ofisini kabla?" Huna hakika kwamba alipokupongeza alipenda lilivyosemwa mbele ya watu. Inawezekana alifurahi tu kujua habari ya vyumba vinne, na angefurahi vile vile kama angeijua saa moja kabla, nyuma ya mlango uliofungwa. Wengi wa wanaofundisha fani hii, wa huko huko kwao, husisitiza kwamba mtu anayesahihishwa asahihishwe faragha. Ukiipitia mihutasari yako ya chuo nadhani utaliona. Uwazi uliofundishwa ni wa sentensi. Mahali pa kuisemea ni somo jingine, na hilo kwenu ulikwisha kulisoma tangu utotoni.

Ndiyo maana lile swali lako la usiku, kama unasomea kuwa Mzungu, nalirudisha kwako kwa upole. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Erving Goffman, aliandika mwaka 1955 juu ya "uso", yaani ile sura ya heshima ambayo kila mtu huishika mbele ya wenzake, na namna wanaozungumza wanavyosaidiana isianguke. Kiswahili kina vitenzi viwili vya jambo hilo, na unavijua: kuumbua na kusitiri. Kumsitiri mtu hakukulazimishi kulificha jambo. Waliosema "mficha uchi hazai" walikuwa watu wetu, na waliosema hivyo hawakumaanisha uchi uonyeshwe barazani; uonyeshwe kwa mkunga. Masomo yako yakikupa njia ya kulitoa jambo huku mwenyewe akisitirika, yanakurudisha pale mama yako aliposimama. Kama yanakufundisha kusema tu, muulize mwalimu somo la kusikiliza liko wapi, na mpelekee mkasa huu huu darasani bila majina.

Na jambo moja la vitendo: chukua daftari, kwa wiki 2 andika kila kutoelewana kunakotokea kazini katika safu nne. Nini kilisemwa, neno kwa neno. Mimi nilisikia nini. Nilidhani amekusudia nini. Nilihakikishaje. Safu ya nne itakuwa tupu mara nyingi mwanzoni.

Nikipeleka kipimo hicho kwenye kanga, safu yako ya nne ni tupu. Inawezekana alikusema. Inawezekana pia kanga aliipata harusini, akaivaa kwa kuwa ni mpya. Uzuri wa jina la kanga, na hatari yake, ni kwamba aliyeivaa anaweza kukana na aliyeisoma hana ushahidi. Usijibu kwa kanga, wala kwa maneno ya kwenye hali ya WhatsApp. Orodha inayochelewa nusu saa ni tofauti. Hilo ni la kazi, lina saa, na linazungumzika.

Cheo sasa. Naona njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ukikubali leo, unapata nafasi na nusu ya ada, ila unaanza uongozi huku mtu unayemhitaji kila asubuhi amekufungia mlango, na wengine wanamtazama yeye kabla ya kukutazama wewe. Mkuu wa mapokezi asiyepata hali ya vyumba kwa wakati huharibikiwa kila mchana saa 8, hata awe hodari namna gani. Ukiomba muda, tuseme wiki 3, unaweza kutengeneza hilo kwanza. Lakini meneja anaweza kuisoma kama ile inshaallah ya zamani, na anaweza kumpa mwingine. Ukienda njia hiyo, mpe tarehe na sababu: "Naomba hadi tarehe 20, kwa sababu nataka nikubaliane kwanza na hausikipingi namna ya kupokezana orodha ya vyumba." Ukikataa, unapumua, na si dhambi; ila jiulize kama unakikataa cheo au unakimbia kile kiti cha mbele ya Bi Mkubwa, maana ukibaki msaidizi kiti kitakuwa pale pale.

Lolote utakaloamua, lile sharti la miaka 2 lipate karatasi. Miaka inahesabiwa tangu siku ya kuanza stashahada au ya kumaliza? Ukiondoka baada ya mwaka na nusu utarudisha ada yote au sehemu iliyobaki? Hoteli ikikupunguza wewe, deni linakwenda wapi? Siku za mitihani ni likizo au utaendelea kubadilishana zamu? Na mshahara mpya utajwe kwa tarakimu. Mkataba wako unaongozwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, si ile ya Bara; kabla ya kutia saini mpe anayeijua aisome pamoja nawe. Kuuliza haya hakukosi adabu. Kwa meneja aliyekulalamikia kwamba husemi matatizo mapema, ndiyo mapema yenyewe.

Nimemwacha Bi Mkubwa mwisho kwa sababu yeye ndiye anayeniuma. Ulisema "havikukaguliwa", bila kutaja aliyeacha kukagua, na huenda ulidhani umelainisha. Lakini katika chumba kile mwenye kukagua vyumba ni mmoja, kwa hiyo jina lake lilisikika kwa nguvu zaidi kuliko ungelitaja. Halafu hukuuliza kwa nini. Kukagua chumba vizuri, kitanda, bafu, friji, taa na kiyoyozi, si chini ya dakika 7. Vyumba vinne ni karibu nusu saa. Siku ile alikuwa na wafanyakazi wangapi? Mapokezi iliwapa wageni funguo saa ngapi? Kama funguo zilitolewa kabla orodha haijafika, basi nusu ya kosa imekaa upande wenu, na huenda yeye analijua hilo na hakulisema mkutanoni. Alikusitiri.

Unaogopa kwamba kuomba radhi ni kuukana ukweli. Vitenganishe. Radhi unayoweza kuomba ni ya mahali na ya kutomwendea kwanza. Habari ya vyumba vinne ibaki palipo. Maneno yako utayachagua mwenyewe, ila yanaweza kwenda hivi: "Shikamoo, Bi Mkubwa. Nimekuja kwa miguu yangu. Siku ile nilikosea, nililisema la vyumba mbele za watu kabla ya kuja kwako, na wewe ndiye uliyenifunza kazi. Naomba radhi." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini". Neno hilo moja likifuata, radhi yote imeondoka.

Usiifanye kwa ujumbe wa simu, wala ukumbini mwa hoteli, wala Ijumaa wakati kila mtu anakimbilia sala. Kumwendea nyumbani jioni baada ya alasiri kuna uzito zaidi, na mkono usiwe mtupu, hata kama ni mkate wa kumimina. Kama unaogopa kufukuzwa mlangoni, tafuta mtu mzima anayeheshimiwa na nyote wawili atangulie kukuombea njia. Faida yake ni kwamba hatakataa kukuona, hasara yake ni kwamba mtu wa tatu ameshaingia, na habari za hoteli yenu zinavuka bahari kabla ya boti. Hatari nyingine ni kwamba atasema haraka, "Yamekwisha mwanangu, mbona makubwa hivyo." Lisikie kwa masikio ya kwenu. Yamekwisha ya papo kwa papo huwa ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Usimbane akuthibitishie. Kesho yake mwamkie kama kawaida, na utazame ile orodha ya saa 5: ikiletwa na nani.

Mambo yakilainika, baada ya wiki moja au mbili, mwendee tena dobini na daftari. Mwambie mnataka orodha ya ukaguzi ambayo mapokezi haitatoa ufunguo mpaka ifike, umuulize yeye iwe na safu gani na isainiwe saa ngapi. Kama atasema chumba kinahitaji dakika 10 na wewe ulidhani 5, andika 10. Siku orodha hiyo itakapopelekwa mkutanoni, aieleze yeye mbele ya wale wale 11. Wewe siku hiyo uwe unaandika kumbukumbu.